Ukuta wa matumbawe unapougua: kusoma dalili za kanisa la kale la kijijini

Kanisa la Mtakatifu Yohane pale Mbweni, kusini kidogo ya Mji wa Zanzibar, liliwekwa wakfu mwaka 1882. Mbweni wakati huo kilikuwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kwenye shamba la misheni ya Kianglikana ya UMCA. Caroline Thackeray, aliyeiongoza shule ya wasichana ya hapo kwa miaka mingi, amezikwa kwenye uwanja wa kanisa hilo. Jiwe la ukuta wake ni jamaa ya jiwe lililojenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593, msikiti mkuu wa Kilwa, na mnara wa misheni ya Bagamoyo ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874. Ni matumbawe, yaani mifupa ya viumbe wa baharini, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo.

Makanisa madogo ya namna hii bado yapo pwani yetu. Wanaoyatunza ni wazee wa kanisa, katekista, na fundi wa kijijini ambaye maisha yake yote amejenga kwa matofali ya saruji. Hao ndio ninaowaandikia. Nimeitwa kutazama kuta mbovu mara nyingi, na karibu kila ukuta niliouona ulikuwa umeshatibiwa kabla sijafika, na tiba ndiyo iliyouharibu. Basi naomba mfuko wa saruji ubaki stoo mpaka mwisho wa maelezo haya.

Kabla ya dalili yoyote: una jiwe gani?

Usianze na ufa wala doa. Tafuta mahali ambapo lipu imeshabambuka, au panda juu ya dari, ambako mafundi wa zamani hawakujisumbua kupiga lipu. Pangusa kwa brashi laini, wala si ya waya, nyunyiza maji kidogo, kisha sogeza uso. Jiwe likilowa, maumbo yake hujitokeza.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilikuwa na kijana wa kwaya aliyenishikia tochi. Kwenye jiwe moja la ukubwa wa mkate tuliona vishimo vidogo vingi, kila kimoja na mistari inayokutana katikati kama nyota. Pembeni yake palikuwa na ganda la chaza limelala ubavu, na chini yake tundu lililonyooka kama lililotobolewa kwa keekee, kazi ya kombe mmoja anayejichimbia nyumba ndani ya mwamba. Kijana akauliza, "Mzee, hiki kitu kilikuwa hai?" Kilikuwa hai, na kilikuwa chini ya maji.

Hilo ndilo jiwe la maweni. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, kabla ya kipindi cha mwisho cha barafu duniani, bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, na matumbawe yakakua kwa wingi kando ya pwani. Bahari iliposhuka, miamba ile ikabaki nchi kavu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa namna hiyo, na ndio uwanda wa mashariki ya Unguja ambako jembe haliingii. Mvua ya maelfu ya miaka imeliyeyusha jiwe hilo kidogo kidogo na kuligandisha upya, hivyo ni gumu, halina mpangilio, na limejaa mashimo. Halichongeki likawa la mraba. Fundi alilivunja, akalipanga kama lilivyo kwenye nyuso mbili za ukuta, na katikati akajaza kokoto na chokaa. Ndiyo sababu kuta hizi ni nene, mara nyingi nusu mita na zaidi.

Tumbawe la baharini ni jingine. Aina iitwayo Porites zamani ilikatwa ikiwa mbichi kwenye maji mafupi. Ikiwa mbichi hukubali tezo, ikikauka huwa ngumu na nyepesi. Kilwa na Songo Mnara ndiyo iliyochongwa nakshi za mihirabu na miimo ya milango. Kanisani itafute kwenye matao ya madirisha na mahali popote palipohitaji umbo safi. Vitundu vyake ni vidogo na vinalingana, kama mkate wa kumimina uliokatwa kwa kisu. Jiwe hili hutoka majini na chumvi yake, kwa hiyo mafundi waliojua kazi waliliacha linyeshewe mvua kwanza ndipo wakalijenga. Wenye haraka hawakungoja, na haraka hiyo bado inaonekana ukutani leo.

Tena usidhani kila kanisa la pwani ni la matumbawe. Ukipanda kutoka Mombasa hadi Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann waliweka makao mwaka 1846, umeshauacha mwamba wa matumbawe nyuma yako. Chini ya miguu yako kuna jiwe la mchanga la Mazeras, la kale mno kuliko matumbawe, na magonjwa yake si haya. Jaribio la kutofautisha ni rahisi. Kwangua unga kidogo kwa ncha ya kisu, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Unga wa matumbawe hutoa povu, unga wa jiwe la mchanga kwa kawaida hutulia tu. Chukua unga kutoka moyoni mwa jiwe na si kwenye kiungo, kwa kuwa chokaa ya kiungo nayo itatoa povu ikudanganye. Na ndimu usiikamulie ukutani. Povu hilo ni jiwe linaloliwa na asidi, na kwa sababu hiyo dawa za kusafishia masinki na vyoo zisikaribie kabisa ukuta wa matumbawe.

Lipu inavimba na kubambuka kuanzia sakafuni hadi kiunoni

Hii ndiyo dalili nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo inayowaita mafundi wengi, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Waliojenga walilijua hilo. Hawakuweka karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Walitegemea ukuta upumue: maji yapande kidogo, yatokee kwenye uso wa chokaa, upepo uyachukue. Ukuta wa namna hiyo unaweza kuwa na unyevunyevu kwenye kifundo cha mguu kwa miaka mia na usidhurike. Ukiona unyevu umepanda hadi kiunoni, ujue kuna kitu kimeongeza maji yanayoingia au kimezuia maji yanayotoka. Kazi yako ni kukitafuta.

Anza nje. Pima usawa wa ardhi ya nje na usawa wa sakafu ya ndani. Kwenye kanisa moja wazee walinihakikishia kwamba mlango wa magharibi ulikuwa na ngazi tatu, nami niliona moja. Tulipochimba taratibu, zile mbili zilikuwa chini ya udongo. Miaka ya kufagia majani kuelekea ukutani, udongo wa makaburi, na kifusi cha ukarabati fulani vilikuwa vimepandisha ua mpaka ukakaribia sakafu. Ukuta ulikuwa umezikwa kiasi cha dhiraa moja na hakuna aliyeona, maana udongo hupanda polepole kuliko kumbukumbu ya watu.

Kisha ngoja mvua. Sisemi uulize, nasema usimame pale inaponyesha masika, na mwavuli wako, uone maji ya paa yanaangukia wapi. Mlizamu uliotoboka unamwaga maji ya bati zima kwenye shina la ukuta, na ndani utakuta doa moja kubwa lenye umbo la mlima, kilele chake kikitazamana na tundu. Unyevu unaotoka ardhini wenyewe hauna kilele, hutembea usawa mmoja ukuta mzima. Umbo la doa peke yake linakuambia nusu ya habari.

Halafu tazama saruji. Je, sakafu ya zamani iling'olewa ikamwagwa zege? Unyevu uliokuwa unatokea katikati ya kanisa sasa hauna njia ila kukimbilia kutani. Je, nje kuna mkanda wa zege uliozunguka kanisa, umegusana na ukuta na hauna mteremko? Huo ni sahani ya kunyweshea ukuta maji. Na je, lipu yenyewe ni ya saruji?

Kuna kanisa ambako waumini walichanga kwa muda mrefu, kwa nia njema kabisa, wakapiga lipu ya saruji ndani hadi usawa wa mita moja na juu yake rangi ya mafuta. Kwa mwaka mmoja palipendeza. Nilipofika, bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama alinishika mkono akanipeleka ukutani. "Baba," akasema, "zamani unyevu ulikuwa haufiki kwenye picha za Njia ya Msalaba. Tangu wapige saruji, umefika." Alikuwa amesema kila kitu. Maji yalikuwa yanapanda nyuma ya lipu ile kama ndani ya bomba, yakitafuta mahali pa kutokea, na mahali pa kwanza palikuwa juu yake, kwenye fremu za picha.

Tiba ina mpangilio, na mpangilio ndio tiba yenyewe. Kwanza paa na milizamu. Pili shusha ardhi ya nje mpaka iwe chini ya sakafu ya ndani, sentimita 15 hadi 20 ikiwezekana, na mteremko wa kuondoka ukutani. Angalia makaburi, na usichimbe karibu na msingi bila kujua unakaa juu ya nini. Tatu bandua lipu ya saruji kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, ukielekeza ncha kwenye mpaka wa saruji na jiwe, kamwe si kuelekea moyoni mwa jiwe. Mahali saruji imeng'ang'ania kiasi cha kung'oa uso wa jiwe, iache. Kipande kilichobaki hudhuru kidogo kuliko jiwe lililochunwa.

Nne, ngoja. Uache ukuta uchi upigwe na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi angalau. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana hakuna kamati inayopenda Krismasi ipite na ukuta uko wazi. Waelezeni waumini kabla, mbele ya altare, kwa maneno mepesi: ukuta unakauka. Lipu mpya ya chokaa ikipigwa juu ya ukuta uliolowa itaanguka, na lawama itaangukia chokaa.

Ukuta unatoa jasho alfajiri, na mvua haijanyesha

Watu huniambia paa linavuja wakati paa ni zima. Kinachofanya hivyo ni chumvi, na kuna namba moja inayoeleza jambo lote. Chumvi ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 75. Unyevu ukishuka chini ya hapo, chumvi hurudi kuwa chembe. Pwani yetu hewa huvuka mpaka huo karibu kila siku, usiku juu, mchana chini. Kwa hiyo chumvi iliyo ndani ya jiwe huyeyuka alfajiri, hukauka adhuhuri, na kila inapokauka chembe zake hukua ndani ya vitundu na kusukuma kuta zake. Ndicho kinacholimeng'enya jiwe.

Kuthibitisha, tumia daftari. Kwa wiki moja, gusa ukuta saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, mahali palepale, uandike umelowa au umekauka, na kama mvua ilinyesha. Ukilowa kila asubuhi bila mvua na kukauka kila mchana, mgonjwa wako ni chumvi. Unga mweupe unaoota ukutani mchana ni ushahidi wa pili.

Chumvi imetoka wapi? Upande wa kusini na mashariki, mara nyingi ni upepo wa kusi uliobeba rasharasha za bahari. Madoa ya mawe mojamoja, huku jirani zake ni makavu, ni matumbawe ya baharini yaliyojengwa bila kunyeshewa. Eneo zima la lipu mpya huonyesha kwamba mchanga ulichotwa ufukweni. Fundi angeuonja kwanza angejua. Na juu karibu na dari, tazama popo. Kinyesi chao kina chumvi za aina nyingine, zinazovuta unyevu kwa nguvu vilevile, nazo hushuka na maji ya mvua hadi kwenye jiwe.

Usioshe ukuta kwa mpira wa maji. Utaziyeyusha chumvi na kuzipeleka ndani zaidi. Pangusa unga kwa brashi kavu siku ya jua, ukinge kwa karatasi chini, ukautupe mbali. Ukiuacha shinani mwa ukuta, mvua itaurudisha. Palipozidi, tengeneza kinyunga cha udongo safi wa mfinyanzi, mchanga uliooshwa na karatasi zilizoloanishwa, kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Loanisha ukuta kidogo, upake unene wa sentimita mbili, uache ukauke wenyewe. Maji yakitoka kwenda kwenye kinyunga hubeba chumvi. Kikianza kuachana na ukuta, kitoe, ukitupe, urudie. Mara ya tatu utaona tofauti. Chumvi yote haitoki, nawe usiahidi hivyo kwa mtu.

Baada ya hapo piga lipu dhaifu ya chokaa ukijua kwamba ndiyo itakayoliwa badala ya jiwe. Baada ya miaka kadhaa itabambuka na utaipiga tena. Wazee wetu walipaka chokaa upya mwaka hadi mwaka kwa sababu hiyo, na si kwa ajili ya weupe tu.

Lipu inaonekana nzima lakini ukuta unalia wazi

Tembea na kifundo cha kidole ukigonga taratibu, mstari baada ya mstari, kama unavyogonga nazi au tikiti sokoni. Ukuta mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Penye uwazi sauti hurudi kama ya debe. Chora mpaka wake kwa chaki.

Sauti ya debe nyuma ya lipu ya saruji inanitisha kuliko ufa. Niliwahi kufungua kipande cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo mahali palipokuwa paking'aa kwa rangi mpya. Ganda la saruji lilikuwa gumu kama sahani. Nyuma yake palikuwa na uwazi wa vidole vitatu, na jiwe la nyuma likamwagika miguuni mwangu kama unga wa sembe unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Saruji ilikuwa imezuia maji kutoka, chumvi zikakaa nyuma yake zikiyeyuka na kukauka kwa miaka, zikala kilicho laini. Kati ya saruji na tumbawe, kilicho laini ni tumbawe.

Eneo likiwa dogo, fungua, ondoa unga mpaka ufikie jiwe linalokataa ukucha, uzibe kwa vipande vya jiwe la maweni vilivyolazwa kwenye chokaa. Usijaze shimo kwa chokaa tupu, itasinyaa ipasuke. Likiwa kubwa kuliko mlango, usifungue lote kwa pamoja. Fanya vipande, kimoja kishike ndipo uende kingine.

Mawe ya kuzibia yatoke machimbo ya nchi kavu au kwenye magofu ya majengo yenu wenyewe ndani ya kiwanja. Kukata matumbawe hai baharini ni marufuku, na ni haki iwe marufuku, maana tumbawe lililokua kwa miongo mingi hutolewa kwa asubuhi moja. Mawe yaliyoanguka uani msiyatumie kujazia barabara. Yapangeni mahali, mtayahitaji.

Nyufa

Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama buibui juu ya lipu ni za lipu iliyokauka haraka. Ufa unaostahili kukukosesha usingizi ni ule unaopita kwenye lipu na jiwe, ukatokea upande wa pili.

Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha kuelekea juu husema ardhi imeshuka upande mmoja. Hapa jiolojia inarudi. Mwamba wa maweni una mapango na mifereji ya chini iliyochimbwa na maji ya mvua. Msingi unaweza kuwa umekaa juu ya jiwe gumu upande mmoja, na upande wa pili juu ya shimo la kale lililojazwa udongo mwekundu, kinongo. Udongo huo maji yakiuingia huhama. Basi uliza: nani amechimba shimo la choo karibu na kona hiyo? Maji ya mlizamu mpya yameelekezwa wapi? Mara nyingi ufa una umri sawa na choo.

Ufa wa wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, huelekeza macho kwenye paa. Kenchi zilizooza ncha au kuliwa na mchwa hulegea, na paa husukuma kuta nje. Ning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta uone umeinama kiasi gani. Bila kulitengeneza paa, kuziba ufa huo ni kuficha barua iliyokuja kwako. Ukuta ukivimba katikati kama tumbo, na sauti ni ya debe, nyuso mbili zinaachana na kokoto za ndani zimeshuka. Hapo funga eneo, weka vizuizi, ita mhandisi. Sitampa fundi wa kijijini ushauri wa kugusa ukuta uliovimba.

Kwa nyufa nyingine, pima kabla ya kuziba. Paka kiraka chembamba cha jasi juu ya ufa kwenye jiwe safi, andika tarehe juu yake kwa penseli, weka alama kwenye ncha mbili za ufa. Pitisha masika na kiangazi. Kiraka kikibaki kizima mwaka mzima, ufa ni wa zamani na umelala, uzibe kwa chokaa. Kikikatika, ardhi au paa bado linatembea.

Madoa ya kutu, na jiwe lililopasuka pembeni yake

Mawe haya hayatoi kutu yenyewe. Doa la rangi ya chai ni chuma: msumari, bawaba, fito za madirisha, au nondo za linta, boriti ya zege ya juu ya mlango au dirisha, iliyowekwa baadaye. Chuma kikipata kutu hunenepa mara kadhaa, na hewa ya chumvi huharakisha. Jiwe halina pa kwenda ila kupasuka.

Waliojenga zamani walivuka nafasi za milango kwa matao au kwa boriti. Tao hubeba uzito kwa mawe kubanana, halihitaji nondo. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, lililoanza kujengwa Krismasi ya 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Steere aliliezeka kwa tao refu la zege la matumbawe yaliyopondwa. Mtu akikuambia tao lako la mlango ni dhaifu liondolewe liwekwe linta ya zege, mwulize kwanza ni jiwe lipi limehama. Aghalabu tao ni zima, kiungo kimoja ndicho kimetoka chokaa.

Chuma kilichomo, kikitoka kitoe. Kikiwa kinabeba mzigo, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na mwulize mhandisi juu ya kukibadilisha kwa chuma kisichoshika kutu.

Weusi, ukoga na miche juu ya ukuta

Weusi na ukoga wa kijani upande usiopata jua ni viumbe vidogo vinavyopenda maji. Ondoa maji, visugue kwa brashi laini na maji safi, basi. Havibomoi kanisa.

Miche ni habari nyingine. Ndege hudondosha mbegu za mkuyu juu ya mnara, na mizizi huifuata chokaa ndani ya ukuta kama mtu anayefuata njia. Mche wa urefu wa kidole ung'oe leo. Ukishafikia unene wa kifundo cha mkono usiuvute, utakuja na mawe. Ukate usawa wa ukuta, uchimbue moyo wa kisiki, uukate tena kila unapochipua mpaka ufe, kisha ndipo ujaze nafasi ya mizizi kwa chokaa nyepesi.

Chokaa yenyewe

Mengi niliyosema yanategemea chokaa nzuri, na vijana wengi hawajawahi kuichanganya. Zamani watu walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu, wakawasha. Joto la kiasi cha nyuzi 900 hufukuza hewa ya kaboni kutoka kwenye jiwe, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kama kilo 56 za chokaa hai. Ikizimwa kwa maji huchemka. Kaa mbali na uvae miwani, maana huunguza macho. Ukutani huivuta tena ile hewa iliyofukuzwa na kurudi kuwa jiwe, polepole, kwa miezi. Ukitaka ishike kwa siku moja umeshaikosea.

Chokaa iliyozimwa ikakaa chini ya maji miezi mitatu au zaidi ni laini kama siagi na ndiyo ninayoipenda. Changanya sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga mkali wa mtoni au shambani, uliooshwa, uliouonja ukakosa chumvi. Sehemu zenye maji mengi ongeza unga wa matofali yaliyochomwa au vigae vilivyopondwa, nao huifanya ishike hata penye unyevu. Loanisha ukuta, piga tabaka nyembamba isiyozidi sentimita moja na nusu, ifunike kwa magunia yaliyolowa, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Lipu ya chokaa iliyokaushwa na jua la saa sita hugeuka vumbi, na fundi akaambiwa hajui kazi.

Kiraka cha kwanza kipige mahali pasipoonekana, nyuma ya sakristia au chini ya ngazi ya mnara, upana wa mita moja. Andika tarehe na mchanganyiko kwa penseli pembeni yake, na mchanga ulikotoka. Masika yakishapita, rudi na kifundo cha kidole ukagonge.